Maji Isiyo Yake

Rafiki yangu, wewe unajua kutunza neno na unajua wakati ya kulitoa, ndiyo maana hii nakuandikia wewe.

Siku ya kwanza kwa kazi ya chanjo nilifika Kasese na viatu ya kanisa, nikifikiri watanipa sindano mara moja. Mukubwa wetu, Sista Inchaji, akanipa kitambaa nipanguse frigo ya kutunza chanjo. Wiki mbili nzima nilikuwa nasoma tu baridi ya ile frigo, asubuhi na jioni, naandika kwa karatasi. Shule yangu ilikuwa ya jioni, ya watu wazima, niko tayari mama ya watoto watatu, na mukono yangu iliandika pole pole. Nikaomba Sista musamaha. Akasema, "Pole pole iko muzuri. Mwenye haraka ndiye ananiogopesha."

Mwenye kutunza store ya dawa alitoka jeshini, tukamwita Afande. Yeye ndiye alinifundisha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hiyo homa inakamata ngozi inayofunika ubongo. Shingo inakauka, mutu anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Kule Makka watu wanabanana wengi sana, kwa hiyo muhujaji hapati viza kama kadi yake ya chanjo haina muhuri, na sindano lazima ikae mwilini siku kumi mbele ya kufika. Chanjo yetu ilikuwa unga ndani ya chupa, chupa moja watu kumi. Ukishaichanganya na maji, iko na saa sita tu, halafu unatupa. Na kila unga iko na maji yake. "Simama! Soma jina!" Afande alikuwa anasema. "Unga ya Musa, maji ya Musa. Hata kama maji ya Isa inafanana."

Nilisoma jina kwa sauti miaka mingi. Halafu Sista akahamishwa, Afande akastaafu, mimi nikapelekwa Bwera, kwa kituo kidogo. Pale wenzangu wadogo walinicheka, wakauliza kama naongea na chupa. Nikaanza kusoma kwa macho tu.

Siku moja Shehe wa musikiti ya pale alituletea mahujaji kumi, wanaume sita na wanawake wanne. Siku hiyohiyo madereva wa malori walikuwa kwa mustari, wanataka sindano ya homa ya manjano ndiyo wavuke Congo. Hiyo nayo iko unga na maji yake. Niliweka zote kwa sinia moja. Hilo ndilo kosa, na iko yangu.

Saa sita mchana nikiokota chupa tupu, nikaona chupa ya maji ya uti wa mgongo iko pale, imejaa, haijafunguliwa. Ya homa ya manjano imepungua moja. Mahujaji wote kumi nilikuwa nimeshawachoma. Nikakaa chini.

Nilienda kwa Dokita wa kituo. Alisikiliza, akauliza kama kadi zimegongwa muhuri. Nikasema zimegongwa. "Basi wataingia Saudia," akasema. "Maji ni maji, Mama Masika. Usitie watu hofu."

"Dokita, kadi itaingia. Lakini na mwili nayo itaingia."

Halafu akapigia wakubwa simu. Walimwambia dawa iliyochanganywa na maji isiyo yake, hesabu kama hukuchanja. Tukahesabu siku: kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchoma, ndiyo zile kumi zitimie mbele ya Makka. Na chupa ilibaki moja. Dokita akaiweka mbele yangu, akasema atakayekosa kesho, amekosa.

Asubuhi saa tatu, Shehe ameshaita watu, nilichanganya dawa kwa uwanja wa musikiti, Shehe mwenyewe ananisomea jina la maji. Watu tisa walikuja. Nikawaambia ukweli. Mwanamke mumoja alilia. Muzee mumoja wa duka akapandisha mukono ya shati, akasema, "Mama huyu amezoea mukono yangu kuliko bibi yangu." Watu wakacheka, mimi nikashindwa kucheka. Wa kumi hakuwepo.

Alikuwa Mama Asiya, mujane, muuza vitenge. Shehe akanieleza: mwenye kwenda Hijja anazunguka kwanza kuomba watu radhi, kila aliyemukosea. Mama Asiya alitoka alfajiri na simu yake imezimwa. Kwanza alienda Kyondo, mulimani, kwa shemeji yake.

Nilipanda boda na kisanduku ya barafu kwa mapaja, sindano moja tu imebaki kwa chupa, na saa tisa, saa ya kuitupa, inakuja. Njia yote nilisali Baba Yetu, nikifika kwa "utusamehe makosa yetu" nakwama, naanza tena. Kyondo shemeji akasema wameshalia pamoja, ameshuka. Ameenda mupakani.

Saa nane na nusu nikamupata, amesimama mbele ya mutu wa kubadilisha pesa, anamuomba radhi kwa sababu kulaani alimulaani zamani. Yule mubadilishaji alikuwa hata hakumbuki.

Mama Asiya akaniona. "Mama Masika! Na wewe uko kwa orodha yangu. Kama nilikukosea..."

"Hapana, mama. Mimi ndiye nimekukosea."

Nikamueleza, watu wanasikia. Akaniangalia sana.

"Labda ile ya jana ilishika?"

"Labda. Sijui. Ndiyo inaniogopesha."

"Na kama ungenyamaza, ningejua?"

"Haungejua."

Akavuta pumzi. "Tangu alfajiri nimeomba watu saba radhi. Wote wanasema wamenisamehe. Hakuna hata mumoja aliyesema na yeye alinikosea." Akapandisha mukono ya gauni. "Choma. Lakini pole pole, jana uliniumiza."

Mubadilishaji akatushikia mwavuli, tukajificha nyuma yake. Nikachoma, nikaandika tarehe mupya kwa kadi. Mama Asiya akasema wasingya, asante kwa Kikonzo, akaendelea na orodha yake.

Wiki zote walizokaa kule sikula vizuri. Simu ikilia, nasali kwanza, ndiyo napokea. Walirudi wote kumi. Ni sindano gani iliwalinda, ya kwanza ama ya pili, mimi sitajua mpaka naingia kaburini.

Nilipewa barua ya onyo, nikaitia sahihi. Nilifanya kazi miaka mingine, na siku macho ilianza kushindwa na herufi ndogo za chupa, nilirudisha funguo mwenyewe, sijafika hata miaka hamsini. Ile hofu haikustaafu na mimi. Sasa naiona kama mutu wa nyumba.

Kwa hiyo nakuomba. Kama uko na dada ama jirani anayeshika sindano, musomee hii, naye asomee mwenziwe. Kama anauliza kosa ilikuwa ya nani, usitaje kituo. Mutajie mimi. Wale watu kumi tayari wanajua.