Maoni ya Mlangoni na Maoni ya Njiani

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili nitalieleza polepole na nisingependa likupite. Nitaanza na mkwe, kisha katuni, halafu utaona jinsi viwili hivyo vilivyokutana mbele ya macho yangu, katika ukumbi wa shule niliyokuwa nikifundisha, Kyimo.

Kwetu Rungwe, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Akimwona anakuja, huacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Hamtaji jina, hamgusi, wala hawakai chumba kimoja. Na baba mkwe si yule mmoja tu aliyemzaa mumewe. Ndugu zake wa kiume wote wamo, hata kitinda mimba ambaye umri wake ni sawa na wa huyo mume. Ukiona ni mambo ya zamani, usijali, hata sisi walimu tulidhani hivyo. Kanisani tuliona wakwe wakisalimiana kwa mbali, tukasema desturi imekufa. Kumbe ilikuwa imelala.

Sasa katuni. Ilikuwa miaka ya soko huria, vitu vilipoanza kumiminika: mitumba, redio za kaseti, na pale Tukuyu mjini ukumbi wa video uliokuwa ukiendeshwa kwa jenereta. Humo nikaona filamu ya katuni ya ndege wa mtoni. Mfalme wao mzee anakataa kuhama kiota wakati maji yanapanda, hata mke wa mwanawe anamvua taji, anamshika bawa na kumvuta nje, huku wakijibizana kwa wimbo. Ukumbi ulicheka mpaka watu wakafuta machozi. Wazee walikuwamo, nao walicheka.

Nikataka tuifanye jukwaani, mchezo mzima kwa nyimbo. Nilikusanya walimu, wanakwaya, na fundi cherehani mmoja Mwislamu wa mjini, mcheshi kuliko sisi sote. Yeye akawa mfalme. Kichwa cha mfalme alikitengeneza mwenyewe kwa boksi la televisheni, akakibandika manyoya ya kuku, na taji akalishikiza kwa kulabu ya waya kwa ndani. Zamu ya kuvuliwa taji ikifika, aliifungua kulabu kwa kidole kimoja, taji likatoka peke yake.

Mke wa mwana wa mfalme aliigizwa na binti wa kutoka Kinyala aliyekuwa ameolewa pale Kyimo mwaka uliotangulia. Sauti yake ndiyo iliyobeba onyesho. Fundi hakuwa mkwe wake kwa namna yoyote, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno.

Asubuhi ya onyesho, fundi akatuma habari kwamba amefiwa, yuko njiani kwenda Kyela. Watu walishaanza kufika kwa miguu, wengine kutoka Masukulu, mvua ikiwanyeshea. Mtu mmoja tu mwingine alizijua nyimbo za mfalme: mwalimu mwenzangu wa sayansi. Na alizijua hivi. Yeye alikuwa baba mdogo wa mume wa yule binti. Binti akiwa ukumbini, yeye hakuingia. Alikaa chumba cha pili akisahihisha madaftari, na kwa miezi miwili nyimbo zilimfikia kupitia ukutani.

Nilimfuata. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Hicho kichwa kitanifunika?"

Nikamwambia kitamfunika chote.

"Na yeye umemwambia?"

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Niliogopa atakataa, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Nikajifariji kwamba ndani ya boksi sauti zote hufanana, na kwamba mikono ya mfalme ilivikwa soksi ndefu za njano, na soksi si ngozi. Ukishaanza kujifariji namna hiyo, ujue umeshakosea.

Nikasahau pia habari ya kulabu.

Basi maji yakapanda, yaani shuka za bluu zikatikiswa. Binti akamwendea mfalme huku akiimba, akamshika mkono, akavuta taji. Halikutoka. Akavuta kwa nguvu, na kichwa chote kikang'oka. Walisimama pale, uso kwa uso, mkono katika mkono, mbele ya kata nzima.

Hakupiga kelele. Alimaliza ubeti. Mpaka leo najiuliza alipata wapi pumzi ya kuumaliza. Mwenzangu akageuka ukutani. Hakuna aliyepiga makofi, ila kutoka mabenchi ya nyuma uliinuka mnong'ono, kama mvua inavyosikika kwenye majani ya migomba ya jirani kabla haijafika kwako.

Mimi nilikuwa nimejipangia kusimama mlangoni na daftari, nichukue maoni ya watazamaji. Nikasimama. Kila mmoja alinipa la kwake kwa adabu. Mama mmoja muuza chai alisema nguo zimependeza. Mzee wa kanisa alisema watoto wamejifunza kutii. Kijana wa mjini aliyekuwa ameiona video mara tatu akaniambia, "Mwalimu, kule mfalme anaruka. Wako anashuka mezani kama mtu anayeshuka kwenye trekta." Niliandika yote, nikicheka naye, huku mgongo ukinipoa.

Siku ya tatu binti akashikwa na homa ya baridi. Hospitali walimpa dawa za malaria, akazimaliza. Baridi haikuondoka. Alilala karibu na moto amefunikwa mablanketi mawili, na ukisimama mlangoni ulisikia meno yake.

Hapa nikueleze jambo moja, nalo si gumu. Wazee wetu husema watu wakiona kosa wakalinung'unikia chinichini, mnung'uniko ule huwa pumzi ya baridi. Haiendi kwa mwenye nguvu. Humkuta aliye wazi, ikamlaza. Wanaiita pumzi ya watu. Dawa za hospitali zinywewe, lakini walionung'unika nao waje waliseme lile neno kwa sauti, mbele ya mgonjwa. Neno likishatoka, halina tena pa kukaa.

Bibi wa mumewe ndiye aliyeniita. Alikuwa akipukuchua maharage, wala hakuniinulia macho. Aliniuliza watu walisema nini kuhusu mchezo wangu. Nikafungua daftari, nikamsomea. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mwalimu, hayo ni maoni ya mlangoni," akasema. "Nenda kachukue ya njiani. Mtoto huyu anakufa."

Nikaenda nyumba kwa nyumba, kwenye utelezi, bila daftari safari hii. Ilikuwa kazi ya uchungu. Wale wale walionisifu mlangoni waliangalia chini, wakaniambia walichokisema walipokuwa wakirudi kwao. Wengine walisema binti alijua, alikuwa amemtamani baba mdogo. Wengine walisema familia ile imeuza heshima ili ionekane ya kisasa. Nikamuuliza mama wa chai mbona kwenye video walicheka. Akanijibu, "Kule walikuwa ndege, mwalimu. Hapa ni watu, na tunawajua kwao."

Jumamosi asubuhi wakaja, kama ishirini hivi. Ukungu ulikuwa umeshuka hata mlima Rungwe haukuwapo. Waliingia mmoja mmoja, wakasema lao karibu na kitanda, wakachukua maji kinywani na kuyatema chini, ndiyo ishara kwamba kifua ni cheupe. Mzee wa kanisa alisema alikuwa amemwita malaya mbele ya wanawe. Yule kijana wa mjini alisema yeye hakukasirika hata kidogo, alisimulia tu kila mahali kwa kuwa ilichekesha. Bibi akamwambia ateme maji mara mbili. Baba mkwe mwenyewe, yule aliyemzaa mumewe, hakuweza kuingia, desturi haimruhusu. Alisimama nje nyuma ya ukuta, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameona aibu, na kwamba imekwisha. Tulimsikia akitema.

Wote wakamaliza. Meno ya binti yakaendelea.

Bibi akatazama chumba kizima, kisha akanitazama mimi. "Kuna mdomo umefungwa," akasema.

Nilikuwa nimekusanya maneno ya kata nzima, na la kwangu lilikuwa bado kooni. Nikapiga magoti. Nikasema nilijua ni nani aliye ndani ya boksi, niliahidi kumwambia, nikanyamaza kwa sababu niliupenda mchezo wangu kuliko yeye. Halafu nilipoona watu wanamlaumu, nikanyamaza tena, kwa kuwa lawama haikuwa imenifikia.

Alifumbua macho. "Nilijua ni wewe tangu kichwa kilipotoka," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme."

Nikachukua maji, nikatema.

Baada ya siku nne alisimama, akaenda mwenyewe kuota jua. Sijui ni dawa au ni maneno, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini hakuimba tena, hata kanisani. Na mwenzangu wa sayansi hakuja Jumamosi ile. Aliomba uhamisho, akaondoka na neno lake bila mtu kulisikia. Kila mwaka baridi ya Juni ikiingia, binti, ambaye sasa ni mama mtu mzima, huitwa na yale mablanketi kwa siku mbili tatu. Mwaka jana nilipokwenda kumwona alinikaribisha vizuri, akanimiminia maziwa, akaniambia bila hasira, "Bado kuna mmoja, mwalimu." Tukakaa tukisikiliza mvua ikija kutoka migomba ya jirani.

Kwa hiyo wewe ukitoka kwenye onyesho lolote, usifike kwako na neno kifuani. Rudi ukumbini, mtafute aliyeliandaa, mtazame usoni, umwambie ulichokiona.