Siku Ishirini na Moja za Karantini

Soko huria lilifika Kilosa kwa awamu. Kwanza yalikuja mashati ya mitumba, zikafuata redio za mitumba, na mwishowe kompyuta ya mtumba, ambayo mtu wa kwanza kuinunua pale mtaani kwetu, Magomeni ya hukohuko Kilosa, alikuwa baba yangu. Wala msidhani alijua ni ya nini. Alikuwa bwana mifugo, amestaafu juzijuzi, na maisha yake yote alishughulika na vitu vinavyopumua. Aliiweka sebuleni, akaizunguka, akaipiga kofi dogo ubavuni kama alivyozoea kupiga ng'ombe mnadani.

"Nzima," akasema.

Kazi ya kuipa aliipata kwa mama. Mama alikuwa mwalimu wa kwaya. Alitunga nyimbo tangu usichana wake, zote kwenye madaftari, mengine yamepoteza jalada, mengine yananuka mafuta ya taa. Baba akatangaza kwamba atazichapa zote. Mwaka mzima alikaa pale na kidole kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia. Ta. Kimya. Ta. Akitafuta herufi ya z ungedhani anatafuta kupe kwenye sikio la ndama.

Alipomaliza alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na kukasirika kwa pamoja. Aliyakusanya madaftari yote ya mama, akampelekea mama mmoja wa stendi anayeuza karanga, ayachane afungie karanga zake.

"Sasa tumeingia kwenye kompyuta," aliniambia. "Makaratasi ni mambo ya kizamani."

Mama hakuambiwa. Yeye alijua madaftari yake yako kwenye sanduku chini ya kitanda, salama salimini. Mimi niliyaona yakitoka mlangoni, nikanyamaza. Simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata mwenyewe sijipaki: nilinyamaza kwa sababu nami nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina la kufanya ila kufagia uwanja na kununa. Binamu yangu wa Morogoro alikuwa amenipa disketi yenye mchezo wa karata. Baba akilala mchana, mimi nacheza.

Baada ya wiki chache kompyuta ikaanza kuzembea. Ukiiwasha, unabandika chai, unakunywa, unaosha vikombe, ndipo inaonyesha sura. Ukiandika neno, herufi zinakuja moja moja, zimechoka. Mara ikafungua yenyewe dirisha tusilolijua, mara ikajizima. Baba aliigusa mgongoni kwa upande wa nyuma wa kiganja.

"Ina homa," akasema.

"Mpe aspirini," mama akajibu kutoka jikoni.

Tukaisogeza dirishani, tukaielekezea feni, tukaipangusa vumbi kwa kanga mbovu. Wapi! Ndipo baba akaifunga kwenye shuka, tukapanda basi kwenda Mikumi, kwa fundi aliyesifiwa kwamba anazijua. Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya, na hakuna mtu wa kwetu anayepita pale bila utani. Kondakta alipotuona tumeipakata mashine akapaza sauti: "Mzee, unairudisha kwao?" Basi zima likacheka. Baba hakucheka, alikuwa ameishika kwa mikono miwili isigongwe.

Fundi alikuwa mtu mzima aliyeanzia kwenye redio, lakini kwa baba alikuwa mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi akaiwasha, akasubiri, akaguna, akasubiri tena. Kisha akatamka, tena kwa sauti: "Mzee, hapa kuna virusi."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakainuka, wakasogea nje. Msiwacheke. Enzi zile neno virusi lilikuwa na maana moja tu kwa watu, na halikutamkwa mbele za wageni. Lakini baba yangu uso ulimng'aa! Tangu anunue ile mashine, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuizungumzia kwa lugha anayoijua.

"Virusi! Sema hivyo! Vinaambukiza kwa njia gani? Hewa? Mate? Kupe?"

"Kwa disketi, mzee."

Baba akageuka polepole kunitazama. "Kuna disketi ngeni imeingia zizini kwangu?"

Nikakiri, karata na binamu na Morogoro yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu disketi hiyo ililala wapi, imechangamana na zipi, na kabla ya kufika kwetu ilitoka kwenye kundi gani, na majibu yangu akayaandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Bora angenigombeza.

"Dawa ni moja," fundi akasema. "Tunafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Kila kitu? Na nyimbo?"

"Kila kitu, mzee."

"Yaani kuchinja kundi zima."

Hapo sauti yake ilibadilika, na mimi nilijua kwa nini. Miaka ya nyuma, kule Msowero, aliamuru ng'ombe wote wa mfugaji mmoja aliyehamia kutoka kanda ya ziwa wachinjwe, wasije wakaambukiza wengine. Wakachinjwa. Majibu ya maabara yakaja baadaye: hawakuwa wagonjwa. Yule mfugaji hakumtukana. Alimwamkia tu kila walipokutana, na baba alikuwa anakwepa njia ili asiamkiwe.

"Sichinji," akasema. "Nipe dawa nikatibu nyumbani."

Fundi akampa sidii ya programu ya kuua virusi, akaonya kwamba hana uhakika. Tukarudi, tukapita Ulaya tena, safari hii kondakta mwingine na utani uleule.

Nyumbani tukaiingiza ile sidii. Ilichunguza kutwa nzima, na jioni ikaleta majibu: nyimbo zote za mama zimeambukizwa. Ikasema imejaribu kuzisafisha, imeshindwa. Ikatupa njia mbili tuchague. Nilikuwa nasoma Kiingereza cha pale nikimtafsiria baba. Ya kwanza ni kufuta. Ya pili nilifungua mdomo, lakini hakuningoja.

"Karantini!" alipiga kelele, amenyoosha kidole kwenye skrini. "Hilo nalisoma mwenyewe! Hawa waliotengeneza hii ni watu wa mifugo!"

Kile kidole chake cha shahada kikabonyeza. Nyimbo zote zikaingia karantini.

Haya sasa, sikilizeni kosa ambalo hapa duniani lingeweza kufanywa na bwana mifugo peke yake. Kwa baba, karantini ina siku zake. Mnyama anatengwa siku ishirini na moja. Kama ni wa kufa, atakufa. Kama ni wa kupona, atapona, mtamfungulia atoke. Baba akazihesabu kwenye kalenda ya ukutani, akaweka alama ya msalaba siku ya ishirini na moja, akaizima kompyuta. Kisha akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa sebule: KARANTINI. HAKUNA KUINGIA WALA KUTOKA. Tukawa tunakula jikoni.

Mtaa nao ukasoma. Jirani wa kushoto akaacha kununua mayai kwetu, akanivuta pembeni kuuliza kama kuku wetu wana mdondo. Jirani wa kulia, ambaye habari za Mikumi zilimfikia kwa njia anazozijua mwenyewe, alikuja na chupa ya uji na uso wa msibani. "Nimesikia mna virusi humu ndani," akanong'ona. "Mgonjwa ni nani?"

"Kompyuta," nikamwambia.

"Haya mwanangu," akasema, akaniwekea uji mikononi. "Si lazima uniambie."

Uji tuliunywa. Ulikuwa na karanga.

Mama alikuwa na haraka yake. Palikuwa na tamasha la kwaya Mikumi, na waandaaji walitaka nyimbo zake za zamani. Zile zinazoimbwa kila Jumapili alizijua, na kwaya nzima ilizijua. Lakini alitaka na ule mmoja alioutunga alipomzika mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye mimi sikumkuta. Uliimbwa mara moja tu, makaburini, basi. Mwaka ule ndio alijisikia anaweza kuuimba tena. Ubeti wa kwanza anao, alisema, ila wa pili umempotea, baba amtolee kwenye kompyuta, kuliko kupekua sanduku zima.

"Subiri, mwalimu," baba akamjibu. "Uko karantini. Jumamosi unatoka."

Jumamosi ilipofika baba alioga asubuhi, akavaa shati la kazi, akafuta chaki mlangoni kwa kitambaa chenye maji. Tukaiwasha. Ilikuwa nyepesi ajabu, inakimbia. Baba akanipiga bega kwa furaha. Nikafungua mahali pa karantini.

Palikuwa patupu.

Nilitafuta kila pahala nilipopajua na nisipopajua. Nikatoka mbio hadi kwenye simu ya kulipia, nikampigia fundi. Akauliza: "Ziliwekwa lini? Ile karantini baada ya siku kumi na nne inajisafisha yenyewe, hata kama mashine ilizimwa, ukiiwasha tu inahesabu tarehe. Mngekuja mapema, mngezikuta."

Nikarudi nikamwambia baba. Alikaa juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti.

"Nimechinja tena," akasema.

Mama aliporudi mazoezini alikuta tumekaa hivyohivyo. Baba alimweleza bila kuzunguka, hilo nampa haki yake. Mama alisikiliza, akavua viatu.

"Basi si neno," akasema. "Nitoleeni madaftari yangu."

Jamani! Nilitamani sakafu ipasuke.

"Madaftari," baba akasema, "nilimpa yule mama wa karanga."

"Ayafanyie nini?"

"Afungie."

Mama alituangalia mmoja mmoja, mimi na baba, na akaona usoni kwangu kwamba nilijua. "Kwa hiyo nyimbo zangu zimeliwa kwa chumvi," akasema. Akaketi mkekani, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Hakulia kwa sauti. Mimi nililia kwa sauti, kwa aibu, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa halali yangu.

Baba hakulia. Alikuwa anatazama kidole chake. Akasogeza kigoda mpaka kwenye meza ya chakula, meza tupu, akaanza kukidonoa juu ya mbao. Ta. Kimya. Ta. Nikadhani akili zimemruka. Kisha akaanza kuimba.

Baba yangu hakuwahi kuimba, hata kanisani alikuwa anachezesha midomo tu. Sauti yake ilikuwa ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Lakini maneno yalikuwa ya mama, wimbo wa kwanza wa daftari la kwanza, neno kwa neno. Kidole kikisimama, naye ananyamaza. Kikipata herufi, neno linatoka.

Mama akafunua uso. "Hiyo tuni gani?" akauliza, pua imejaa machozi. "Ng'ombe anachanjwa?"

"Tuni sijui, mwalimu. Nilichapa maneno tu."

"Endelea."

Akaendelea. Mama akawa anamrekebisha tuni, akimcheka na kumsonya, mpaka wakaufikia ule wimbo wa makaburini. Ubeti wa kwanza waliimba wote wawili. Wa pili mama akanyamaza, baba akaenda peke yake, kidole mezani, herufi kwa herufi, hadi kwenye mstari wenye jina la kaka. Hapo kidole kikasimama.

"Hapa ndipo nilipokwama," akasema. "Hata siku ile ya kuchapa."

"Najua," mama akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilisikia umenyamaza, nikasimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua."

"Niliula," baba akasema. "Sikuuliza."

Mama akanisukumia daftari jipya na kalamu. Kidole kikaanza tena kudonoa, nami nikaandika.