Nilikunywa Lita Mbili za Maziwa kwa Boma Haina Maziwa

Niliwahi kunywa lita mbili za maziwa kwa boma yenye mwenyewe alikuwa ameniambia haina maziwa.

Nikapanguza mdomo, nikaandika kwa fomu kwamba hapa maziwa ni kama hakuna.

Hiyo fomu karibu inifute kazi. Wacha nikueleze.

Mimi ni Mbugua, mtu wa Bondeni, hapa Nakuru. Shule niliacha form two. Si fees, nilichoka tu kuketi. Na mdomo yangu haina breki, kitu ikiwa mbaya nasema ni mbaya.

Mwaka juzi nikaokota kazi kwa kampuni moja ya maziwa. Unapewa piki na helmet, unapanda vilima za huko juu ya Keringet, unauliza wakulima wako na ng'ombe ngapi na wanakamua kiasi gani.

Kampuni ilikuwa na tenki moja tu ya kupoza maziwa. Ilitaka kujua itaweka kilima gani.

Nilikuwa kwa majaribio ya miezi tatu. Ukifanya poa, unaandikwa. Ukiharibu, unarudisha piki, unarudisha helmet, unapanda gari ya kwenu.

Na mimi hiyo kazi niliitaka. Kwa miaka nne nilikuwa nimetoroka kazi nane. Hii ndio ya kwanza sikuskia kutoroka.

Shida ilikuwa kizungu.

Bosi wetu, Natalie, ni Mkenya kama sisi lakini amekulia ng'ambo. Kiswahili yake inaishia kwa asante. Ripoti zote anataka kizungu, kwa simu, fupi.

Ripoti yangu ya kwanza niliandika "little cows". Natalie akapiga simu akiuliza hao ng'ombe ni wagonjwa ama ni ndama.

Winrose alicheka mpaka akaweka chai chini.

Winrose ni dame wa hapo ofisini, wa Molo, ameenda shule akamaliza. Akavuta kiti, akavuta bakuli ya sukari, akasema leo hutoki hapa.

"Kitu unaweza hesabu ni few. Ng'ombe, mitungi, marafiki. Kitu huwezi hesabu ni little. Maziwa, sukari, akili yako."

Hapo nilielewa haraka. Sasa ikakuja ile "a".

Akaniambia ukisema uko na little sugar, umelia, leo hakuna chai. Ukisema uko na a little sugar, umefurahi, weka maji kwa moto. Few friends, uko peke yako duniani. A few friends, siku ya kuhama uko na watu wa kubeba kitanda.

"Kwa hivyo hiyo a ndio inabeba furaha," nikasema.

"Sasa umeskia. Enda kazi."

Wiki nzima nilikuwa mwalimu. Kwa kibanda nikaitisha a little soup. Kinyozi nikamwambia anipunguzie a few hairs. Watu wa Bondeni wakaanza kuniita Oxford.

Ndio nikapanda kwa mzee Kipkemei.

Huyu ndiye alikuwa ameandikia kampuni barua, akiomba tenki ije kilima yao. Nilifika mchana, jua kali. Boma safi, kubwa, lakini ng'ombe sioni. Ndama mbili tu chini ya mti.

Kwa fence kulikuwa kumeanikwa mitungi za aluminiamu, zimepinduliwa kwa kila mti, kutoka gate mpaka jikoni. Nikatundika jacket yangu kwa moja.

Shika hiyo maneno ya mitungi.

Bibi yake, mama Chepkemei, akanisalimia na jagi ya mursik, ile maziwa ya kibuyu. Jagi, si kikombe. Nikimaliza nusu, anajaza. Nikisema nimeshiba, anajaza akiangalia kando.

Nikatoa fomu. Nikamuuliza mzee ako na ng'ombe ngapi.

Mzee akaangalia milima, akajibu kwa kizungu, tena kizungu safi ya kwa redio.

"Few."

Moyo ikaruka. Mtu wa level yangu. Nikamuuliza ni few ama ni a few, juu si kitu moja.

Akanitazama vile unatazama mtoto amefunga kamba ya kiatu mwenyewe.

"Few," akasema. "And little milk."

Nikaandika. Nikamaliza jagi. Nikaenda kwa jirani zake, nyumba baada ya nyumba, na wote wimbo ni moja. Wachache tu. Kidogo tu. Na kila mahali naekewa maziwa.

Hiyo jioni nikatumia Natalie ripoti: there are few cows and there is little milk. Akajibu, perfect English, very clear.

Winrose aliisoma akanigongea tano.

Natalie akaamua tenki iende ng'ambo ya mto, kwa kina Nderitu. Huko walikuwa wameniambia "many" bila kupepesa macho.

Jumamosi akasema twende naye akaone mahali kabla simiti imwagwe. Na tukirudi tupitie kwa mzee Kipkemei, juu aliandika barua nzuri na anataka kumwambia pole kwa mdomo yake mwenyewe.

Tukaanza kwa Nderitu.

Hao "many" walikuwa nne. Mmoja ndume.

Nderitu hata hakuona haya. Alitueleza, akicheka, kwamba penye lori ya maziwa inapita serikali inachonga barabara, na yeye ako na viazi zinamuozea.

Natalie alirudi kwa gari akafunga mshipi polepole. Mimi nikaanza kuhesabu vile nitaambia mathe nimefutwa tena.

Kama kwa many ni hivi, kwa few kutakuwa aje?

Tulifika kwa mzee saa kumi. Mzee akatupokea vizuri, Natalie akaanza kuomba msamaha kwa kizungu yake ya pole pole.

Hapo kengele ya kwanza ikalia.

Ng'ombe ilitokea kwa kona. Ikafuatwa na ingine. Zikatokea mbili pamoja, halafu nikaacha kuangalia moja moja, juu barabara yote ilikuwa ng'ombe. Nyeusi na nyeupe, viwele zimejaa zikipigana na magoti. Zilipita kwa gate mpaka gari ya Natalie ikazungukwa. Moja ikalamba kioo.

Natalie akatoa simu, akafungua ripoti yangu, akaniangalia.

"Mbugua. Few?"

Nilikuwa na majibu nyingi za kujitetea. Zote za uongo. Nikamwambia bosi, hii ni yangu. Niliandika chenye niliambiwa, na macho nilikuwa nayo.

Mzee Kipkemei akakohoa.

Akamwambia Natalie asinigombeze juu ya kizungu. Yeye mwenyewe amefundisha hiyo somo secondary miaka thelathini na moja, na sentensi yangu hawezi toa hata alama moja.

"Kijana aliniuliza mara mbili, few ama a few. Nikasema few. Kizungu ilikuwa sawa. Ni vile tu haikuwa ukweli."

Halafu akanigeukia, akashuka kwa Kiswahili.

"Ng'ombe anahesabiwa na mwizi na kifo. Mwenyewe anazijua kwa rangi. Ulitaka nisimame hapa nizitaje na mdomo zianze kukufa?"

"Lakini mzee, ulitaka tenki."

"Nilikupa maziwa mpaka ukashindwa kutembea. Jacket yako ulitundika kwa mtungi wangu. Ulitaka nini ingine, Mbugua?"

Mama Chepkemei alikuwa anacheka ndani ya leso.

Na unajua chenye kiliniuma? Cucu yangu alikuwa hivyo hivyo. Tukilala kwake wajukuu tumejaa kwa mkeka, ukianza kuhesabu vichwa anakuchapa mkono. Mimi nimelelewa na hiyo kitu. Ni vile nilikuwa nimepanda huko nikijiskia Oxford.

Nikamtafsiria Natalie, naye akaangalia mitungi za maziwa kwa fence, kutoka gate mpaka jikoni. Alizihesabu kwa kidole. Kuhesabu mitungi inaruhusiwa. Akauliza mzee, kwa heshima, basi ng'ombe tuseme ni ngapi.

Mzee akafikiria.

"A few," akasema.

Tenki iko hapo mpaka leo, na mimi niliandikwa. Fomu tulibadilisha. Siku hizi hatuulizi mtu ako na ng'ombe ngapi. Tunaingia tukisalimia, tunakubali maziwa, na tunaangalia fence.

Somo yangu ni hii. Jifunze kizungu, usidharau, hiyo "a" iko na kazi. Lakini lugha itakuonyesha tu chenye mtu amesema. Chenye ako nayo, amka ukaangalie.

Na mkiniuliza kama Winrose ananipenda, mimi nasema "little".

Sitaki mtu ahesabu.