Maji ya Jumamosi

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, nilipouona ule utando kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa kahawia, mwembamba kama vumbi la kahawa, umelala juu ya mchanga katika pembe moja ya tangi. Niliandika saa kwenye daftari kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Mimi ni fundi wa friji hapa Kilwa Masoko. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimeyapata kwa kusoma mwenyewe na kuandika kila ninachokigusa. Friji isiyopoza ina sababu ya kutopoza. Niliamini kwamba na tangi lina sababu yake, na kwamba nikiandika vya kutosha sababu hiyo itajitokeza.

Tangi nililitengeneza kwa ajili ya mama. Alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Ulimi ulibaki salama, akili pia, lakini alikuwa kama amesahau kwamba dunia ina upande wa kushoto. Wali uliokuwa nusu ile ya sahani aliuacha bila kuugusa. Ukimsemesha ukiwa kushoto kwake, alikutafuta kulia. Muuguzi wa mazoezi alituambia tuweke upande huo kitu anachokipenda, shingo ijizoeze kugeuka, la sivyo itakakamaa na upande ule ataupoteza kabisa. Mama alikuwa mchokoa pweza. Kwa zaidi ya miaka arobaini alishuka pwani na mchokoo wake, fimbo yenye ncha, kila maji yalipokupwa vizuri, kwa hiyo sikuhangaika na redio wala picha ya ukutani. Nikanunua vioo, nikaviunganisha kwa silikoni, nikajaza lita mia mbili za maji ya bahari. Nikatia mawe, samaki watano wadogo wa kwenye vidimbwi, na kaa mmoja aliyehamia ndani ya ganda la konokono. Tangi likakaa kushoto kwa kitanda.

Wiki ya pili aligeuka. Kwanza macho, kisha kidevu, kisha shingo yote. Samaki wawili wenye mistari walifukuzana kutwa, naye akawaita wake wenza. Nikirudi kutoka kazini alinipa habari zao: leo mkubwa kaonewa, mdogo kala peke yake, kaa kapita katikati yao kama mshenga asiyelipwa. Muuguzi alipokuja tena alisema shingo imepata robo tatu ya mzunguko wake. Nikaandika.

Aliyemhudumia mama alikuwa dada yangu mkubwa, mjane, aliyeacha shamba lake la ufuta Kiranjeranje akaja kukaa nasi. Mke wangu na mimi tuliachana zamani, hivyo nyumbani tulikuwa watatu. Dada ndiye aliyemwogesha mama, aliyemgeuza na kumlisha. Mimi nilihudumia tangi. Nakiri kwamba kwa muda mrefu niliona kazi hizi mbili zinalingana.

Utaratibu wangu ulikuwa hauna mchezo. Kila Jumamosi saa kumi na nusu jioni nilifunga karakana, nikaenda na baiskeli mpaka diko la samaki, pale wavuvi wanaposhusha, nikajaza madumu mawili, yaani lita arobaini. Nyumbani nilitoa maji ya zamani kiasi hichohicho na kutia mapya. Yaliyokauka katikati ya wiki niliyafidia kwa maji ya mvua hadi kwenye mstari niliouchora kwenye kioo. Chakula kilikuwa cha kopo, kikitoka Dar es Salaam kwa basi. Gramu moja kwa siku. Dada alikitia asubuhi kwa kijiko nilichokikata mwenyewe kisichukue zaidi ya hapo.

Kila nilipoingia na madumu, mama aliuliza jambo lilelile.

“Mwezi mwandamo leo siku ya ngapi?”

Nilimjibu kwamba ni Jumamosi. Akauliza tena. Kila alipofika mara ya tatu nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, ule wa dalili za kupeleka kliniki, nikaandika: Anapoteza tarehe.

Ule utando wa kahawia ukageuka kijani, kisha ukaota nywele. Mwani mwembamba, laini kama nywele za mtoto mchanga, ulishika mawe, ukashika mrija wa pampu, ukapanda kioo. Nilisoma kwenye simu kila nilichokipata. Nikaambiwa mwani huota mwanga ukizidi; nikaziba dirisha kwa shuka. Nikaambiwa maji yasipozunguka; nikabadilisha pampu. Niliyatoa mawe moja moja nikayasugua kwa mswaki. Kila dawa ilifanya kazi wiki moja, na wiki ya pili mwani ulirudi. Niliandika hivyo, kwa maneno hayohayo, mara kadhaa, na sikuona nilichokiandika.

Jirani yetu, mama muuza vitumbua, aliingia siku moja kumjulia mama hali, akanikuta nimeloa hadi mabegani.

“Wenzako Songosongo wanapanda mwani na kuuza kwa kilo,” alisema. “Wewe umekuotea bure chumbani, unausugua kwa mswaki. Kweli riziki haimtaki mtu.”

Mama alicheka. Alicheka akitazama kulia, ukutani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikumbuki mara ya mwisho kumwona amegeuka. Kioo kilikuwa kimeziba. Hapakuwa na cha kugeukia. Muuguzi alipompima alisema shingo imerudi nyuma hadi nusu, na kwamba tusicheleweshe, maana wakati wa kurudisha mambo haya si mrefu.

Niliogopa, na mimi nikiogopa napima. Siku ya arobaini tangu kopo la chakula lifunguliwe niliazima mizani ya sonara. Kopo la gramu mia, gramu moja kwa siku. Zilipaswa kubaki sitini. Zilikuwa thelathini.

Dada alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Kila asubuhi, tangu nijue kusema, nilimwamkia shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Siku ile nilianza na kopo.

“Humu mna gramu thelathini. Zilitakiwa kuwa sitini.”

“Marahaba,” alisema, bila kuinua macho.

Sikurudi nyuma. Nilimweleza kwamba chakula kinachozidi huoza, kikioza hulisha mwani, mwani huziba kioo, na kioo kikiziba mama hageuki. Nilisema polepole, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mteja kwa nini kompresa yake imekufa. Nikamalizia: “Kwa hiyo shingo ya mama unaikakamaza wewe.”

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama alisikia yote.

Dada aliweka ungo chini. “Hicho kilichozidi ni cha pesa ngapi?”

Mtu mwingine angeshindwa kujibu, na kushindwa kwake kungeokoa jambo. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu.

“Elfu nne na mia tano.”

Alifungua fundo la kanga, akahesabu noti, akaingia chumbani na kuziweka juu ya kifuniko cha tangi. “Samaki wako hawanidai,” alisema. Akamfunika mama miguu, akamwambia neno sikioni, akaenda kufunga nguo zake. Saa nne alipanda gari la Nangurukuru, na huko akapata la kwenda kusini. Nilidhani atarudi baada ya siku tatu. Niliandika hata siku.

Nilimwajiri jirani aje kumwogesha mama asubuhi na jioni. Hakuwa mbaya, lakini alikuwa na vitumbua vyake. Mambo ya kumgeuza mama na kumnyoosha shingo aliyafanya akiwa na haraka. Chakula cha samaki nilikitia mwenyewe, gramu moja, na kopo nikalifungia kabatini. Sitasema uongo: wiki ya kwanza mwani ulipungua, na nilifurahi, furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Wiki ya pili ulirudi. Wiki ya tatu ukapungua, ya nne ukarudi. Safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza kosa lake.

Jioni moja, nikiwa nasugua, mama alizungumza akiwa ametazama ukuta.

“Ile nyongeza ya jioni, mimi ndiye niliyemwomba. Alikuwa anatia punje pembe ya huku, kwenye kichwa changu, wale wake wenza wanakuja. Nikawa nawafuata mpaka mwisho wa shingo.”

Nilisimama na mswaki mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

“Ulikuwa unahesabu,” alisema.

Jumamosi iliyofuata niliingia na madumu kama kawaida, naye akauliza mwezi una siku ngapi. Siku ile sikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Nilikaa kitandani. Nikamwambia, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa: “Mama, leo ni Jumamosi.”

“Bahari haijui Jumamosi,” alisema. “Nakuuliza maji haya umeyachota bamvua au umeyachota maji mafu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, saa hiyo unayokwenda maji yamejaa, yametoka nje huko, masafi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyohiyo yamekupwa na hayaendi kokote. Damu ya samaki, matumbo, kila wanachokiosha pale dikoni kimekaa palepale. Sisi hata pweza tulikuwa hatumwoshei humo. Wewe unawaletea hawa wanywe.” Akapumua. “Nimezaa fundi wa baridi, basi.”

Kwenye ukumbi wetu kuna kalenda ya msikitini, yenye tarehe zote mbili, za kawaida na za mwezi mwandamo. Niliitungua ukutani, nikaiweka kando ya daftari. Kazi haikuzidi dakika kumi. Jumamosi moja bamvua, Jumamosi ya pili maji mafu, kupokezana, tangu mwanzo, karibu zote. Kila baada ya maji mafu mwani uliota. Kila baada ya bamvua ulipungua, na mimi nilisifu mswaki, nikasifu shuka, nikasifu pampu, na mwisho nikasifu kuondoka kwa dada yangu. Katika daftari nilikuwa na safu ya saa, ya lita, ya gramu, ya joto, ya mwanga. Safu ya mwezi sikuwa nayo. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimepewa safu hiyo mara kumi na moja, nami mara kumi na moja nimeandika: Anapoteza tarehe.

Nimezaliwa hapa. Maji yamejaa na kukupwa mita mia tatu kutoka mlangoni kwetu maisha yangu yote, na chakula nilichokula utotoni kilitokana na mtu aliyejua siku ya kushuka na siku ya kukaa nyumbani. Nilitia elimu yangu yote kwenye kitu ambacho mama alikijua kabla sijazaliwa, na sikumuuliza, kwa sababu alikuwa amelala.

Kuanzia hapo nilichota wakati wa bamvua tu, madumu manne kwa mara moja. Baada ya wiki sita mawe yalikuwa safi. Kioo kilikuwa safi hata ukisimama mlangoni ungedhani hakuna kioo. Wake wenza walikuwa hai na wamenenepa. Nilikaa upande wa kushoto nikamwita mama, nikagonga kioo kwa kucha, nikatia punje kwenye ile pembe ya kichwani. Macho yalikuja kidogo. Kidevu hakikuja. Muuguzi alijaribu kwa mikono yake, akaacha pale mama alipoguna. Aliniambia uani, si chumbani, kwamba tumechelewa.

“Wapo?” mama aliniuliza niliporudi.

“Wapo.”

“Mkubwa bado anaonewa?”

Nikamwambia bado.

Nilikwenda Kiranjeranje wakati wa kuvuna ufuta. Nilimkuta dada shambani akifunga matita na kuyasimamisha yakauke. Nilimwamkia shikamoo kabla sijatua mfuko. Akaitikia, akamaliza tita lake, akanipeleka nyumbani akanipa mihogo na chai. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, maana sijui namna nyingine ya kueleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo ulikuwa mwezi,” alisema.

“Ulikuwa mwezi, dada.”

“Na shingo?”

“Haigeuki.”

Aliondoa vikombe, akachelewa kurudi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile. Nikamwomba arudi. Alisema atakuja kumwona mama ufuta ukishauzwa, atalala siku mbili, atamwogesha, na atarudi kwake. Kuishi pale hapana. “Nyumba yenye mizani siiwezi,” alisema. Hakusema kwa hasira.

Nilitoa zile noti, zilezile, nikamwekea mkekani. Akazisukuma kwangu kwa ncha ya kidole.

“Hizo ulizipima mwenyewe. Kaa nazo.”

Samaki nimewarudisha kwenye vidimbwi vyao, siku ya bamvua, maji yakijaa. Vioo amechukua jirani. Anawekea vitumbua visiingiwe na nzi. Mama analala akitazama ukuta wa kulia, nami nikitaka kuzungumza naye nazunguka kitanda nikakae huko. Hasemi tena habari za mwezi. Daftari bado ninalo. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya yale maneno niliyoyakata kwa kalamu, kumekunjwa kile tu nilichookoa katika shughuli nzima: shilingi elfu nne na mia tano.