Mwalimu wa Ndani ya Simu

Kisu aliipasua simu ya mkewe juu ya gogo la kukatia nyama, mchana kweupe, wateja wakiwa kwenye foleni. Aliilaza katikati ya mapaja mawili ya mbuzi, akainua shoka la mifupa, akalishusha. Vigae vya kioo viliruka hadi kwenye maini. Kisha akamkamata mkewe, Mama Pacha, nyuma ya shingo, akamwinamisha mpaka pua ikagusa vigae vile, akamwambia haya, ambusu sasa huyo hawara yake.

Hawara mwenyewe alikuwa mzee mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, mwalimu wa uuguzi ambaye Mama Pacha hajawahi kumtia machoni ila kwenye kioo cha simu. Alikuwa akirekodi masomo na kuyaweka mtandaoni bure. Kosa lake lilikuwa sauti. Jana yake Kisu alikuwa nje ya mlango wa jikoni akivua viatu, akasikia mwanamume anasema kwa upole, "Bonyeza hapo hapo. Usiachie mpaka nikwambie." Mtu mwenye wivu hahitaji zaidi ya hapo.

Watu wa foleni walitazama chini. Mmoja akauliza kama figo bado zipo.

Kabla ya kuingia chuo, Mama Pacha alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wodi zote mpaka akaweza kusema kwa kutazama doa tu kama mgonjwa alijifungua, alipasuliwa au alikufa. Siku moja akachoka kufua yaliyowatokea watu, akataka kuwa pale yanapowatokea. Akaomba chuo cha uuguzi, akapata nafasi, mtu mzima mwenye watoto pacha wa darasa la pili, akakaa dawati moja na mabinti waliomwita mama.

Kisu alikubali. Wengi walimsifu kwa hilo, hawakujua alikubali kwa kuwa aliamini mkewe atafeli. Na kweli mtihani wa kwanza alifeli. Darasa lilikuwa kubwa, sanamu ya mwili wa kujifunzia ilikuwa moja, na yeye kimo alinyimwa. Mwalimu alipoonyesha namna ya kufunga jeraha, alichoona ni visogo vya wenzake. Mwalimu hakuwa mbaya, ila alikuwa anasema jambo mara moja na muda ukiisha umeisha.

Siku mkewe alipofeli, Kisu alirudi nyumbani na nyama nzuri, akacheka, akamwita daktari wangu. Hakumpiga wiki nzima.

Aliyemwonyesha video ni mwenzake wa darasani, binti aliyeitwa Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele. Pengo alimwambia hata yeye haelewi darasani, anaelewa akirudia. Mama Pacha akajaribu, akaona ajabu. Mwalimu huyu unamsimamisha katikati ya sentensi, hakunji uso. Unamrudisha nyuma, harushi chaki. Mikono yake inaonekana kwa karibu, kila kidole. Akawa anapika huku simu imeegemea kopo la chumvi, sufuria inachemka, yeye anafunga bandeji kwenye mchi.

Si kila video ilikuwa ya kuaminiwa. Pengo aliwahi kuandika kwenye jaribio kwamba kidonda kibichi kimwagiwe mafuta ya taa, kisa alimwona mtu anafanya hivyo kwa mbwembwe mtandaoni, na mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa mpaka akalia. Tangu hapo wawili hao wakawa wanaona video, wanafungua kitabu, wakibaki na shaka wanamfuata mwalimu ofisini. Mtihani wa pili Mama Pacha alipita. Wa tatu akashika nafasi ya juu.

Na kadiri alivyopanda ndivyo kipigo kilivyoongezeka. Alipopita mara ya kwanza, Kisu alimvunja ubavu kwa mguu wa kiti. Alipopita mara ya pili, alimburuta uani kwa nywele, pacha wakishuhudia dirishani. Akamwambia mke msomi ni kama ng'ombe mwenye pembe mbili mpya, lazima apunguzwe.

Baada ya simu kupasuliwa, Mama Pacha hakuacha. Aliangalia kwenye simu ya Pengo wakati wa chakula, na kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo. Somo la kuzuia damu alilirudia mpaka Pengo akamwomba, mama, jamani, huyu mzee tupumzike naye.

Siku yalipotokea yote ilikuwa Jumamosi. Mama Pacha alikuwa jikoni anajizoeza, amemfunga pacha wa kike kitambaa juu ya kiwiko, anakaza taratibu kwa kuzungusha mwiko, anamuuliza kama vidole vinakufa ganzi. Kisu akaingia kutoka buchani, pombe kichwani. Akauliza ni mchezo gani huo. Mtoto, bila hila, akasema mama anafanya kama babu wa kwenye simu.

Alianza na sufuria. Maji ya moto yalimpata Mama Pacha bega na shingo. Kabla hajapiga kelele, ngumi ikamvunja jino, ya pili ikamfunga jicho. Akawasukuma watoto kwa mlango wa nyuma, akawaambia wakimbie gereji kwa baba yao mdogo. Kisu akamwangusha, akampiga mateke tumboni, akainama kumkaba. Mama Pacha akamng'ata mkono mpaka akahisi ladha ya damu, akaponyoka, akauokota mwiko wa kujikinga, akajifungia chumbani.

Mlango ule ulikuwa na kioo nusu ya juu. Kisu hakugonga. Alipitisha mkono mzima kwa ngumi, akapapasa kutafuta komeo, na alipourudisha mkono kwa hasira, vipande vilivyobaki kwenye fremu vikampasua ndani ya kiwiko.

Damu ya mshipa mkubwa haitiririki. Inaruka, inapumzika, inaruka, kwa pigo la moyo. Iliruka ukutani, ikaruka kwenye shuka, ikamrukia Mama Pacha usoni. Kisu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Mwanamume aliyechinja maisha yake yote akakaa chini nje ya mlango, akanong'ona jina la mama yake.

Mama Pacha alifungua mlango. Kwa jicho moja lililobaki aliona yote. Aliona pia kwamba akikaa tu, asifanye chochote, mambo yangekwisha pale, na hakuna binadamu angemlaumu. Alisimama na wazo hilo kwa pumzi kadhaa, damu ikizidi kuenea hadi kwenye nyayo zake.

Kisha akapiga goti, akabonyeza jeraha kwa mtandio wake na uzito wote wa mwili. Haikutosha. Akachana shuka kwa meno, jino lililovunjika likimchoma, akafunga juu ya kiwiko, akapenyeza mwiko, akazungusha. Kisu alipiga mayowe, akajaribu kumpiga kwa mkono mzima. Akamkalia kifuani, akaendelea kuzungusha. Damu ikapungua, ikawa matone, ikasimama.

Shemeji yake, fundi magari, aliwakuta hivyo, mke juu ya mume, wote wekundu, akadhani wameuana. Aliwabeba kwa gari la mteja. Njia nzima Mama Pacha hakuuachia ule mwiko.

Kisu alipona, ila vidole viwili havikukunjuka tena. Mama mkwe alikuja hospitali, akashika mikono ya Mama Pacha, akalia kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu, umemwokoa mumeo," akasema. "Hayo ni mapenzi. Rudini nyumbani myamalize."

"Mama, nimemzuia asife," Mama Pacha akajibu kwa mdomo uliovimba. "Kurudi ni jambo lingine."

Alitoka hapo akaenda polisi vile vile alivyo, gauni limekauka damu likisimama kama ubao. Kisu alifungwa. Ndugu wa mume walimtukana, wakasema ameokoa mtu ili apate wa kumshitaki. Shemeji peke yake ndiye aliyewaletea pacha nguo na vitabu nyumbani kwa dada wa Mama Pacha, alikohamia mama yao. Vigae vya mlango alivyokanyaga vilimwachia kovu hata yeye, kwenye nyayo, na alipofanya mtihani wa mwisho bado alikuwa akichechemea.

Pengo aliwahi kumuuliza kwa nini hakumwacha afe. Akasema hajui. Mikono ilikuwa imeshajua kabla yake, na moyoni hakuwa na huruma hata tone, ndiyo maana hilo humsumbua mpaka leo.

Sasa ni muuguzi wa wodi ya majeruhi. Siku za mwanzo kabisa aliletewa mwanamke ambaye taya limehama upande, alama za vidole shingoni. Mume alisimama mlangoni, kofia mkononi, akieleza kwa adabu jinsi mkewe alivyoteleza bafuni. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwomba asubiri nje, akavuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumshika mwanamke mkono.

"Usiseme kitu," akamwambia. "Taya linauma. Mimi nitauliza, wewe nibane tu kidole."