Uwanja wa Malori Nyuma ya Duka Kubwa

Mwanangu wa kwanza amelala chini ya uwanja wa malori hapa Ifakara, na aliyeandika maneno ya kuuruhusu uwanja huo ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akanihurumia kabla hajanijua.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa baraza. Nilikuwa na kalamu ya wino, kaptula iliyopigwa pasi, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Duka kubwa kuliko yote mjini lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa kutoka pwani, mtu mstaarabu, sina neno naye. Aliuza majembe, kanga na mafuta ya taa, akanunua mpunga na pamba ya bonde zima. Msimu wa mavuno malori yake yalijaa barabarani hadi watu wa kwenda sokoni wakawa wanapita mtaroni. Akaliomba baraza kipande cha nyuma ya duka, upande wa kuelekea mto Lumemo, ayaegeshe huko.

Tulikwenda kukikagua, wajumbe watatu na mimi. Palikuwa na migomba ya zamani isiyo na mwenyewe, na udongo mbichi uliong'ang'ania viatu. Wajumbe walisema hapana kaburi, hapana shamba la mtu. Nikaandika hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anadanganya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Maana kwetu mtoto mchanga akifa kabla hajatolewa nje ya nyumba, huzikwa na wanawake peke yao, mahali pabichi penye migomba. Hakuna matanga, hakuna alama. Wanaume hawaonyeshwi mahali, nao hawaulizi. Tuliona huko kutouliza ndiyo heshima.

Siku ya kikao wanawake kama kumi na wawili walikuja barazani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mke wangu alisimama nyuma yao, hakuniangalia. Mama mmoja mtu mzima aliwasalimu wajumbe, akasema, "Tunaomba ile migomba iachwe."

"Kwa nini, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Tunachuma mboga pale."

"Mboga tu?"

"Mboga tu, baba."

Wajumbe walicheka, nami nikacheka kuwapita. Kisha nikaandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mboga huota kila mahali bondeni na haziwezi kuzuia maendeleo ya mji. Mwenyekiti aliisifu sana sentensi hiyo. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Yule wetu yuko pale," alisema.

Nikaelewa. Miaka miwili kabla ya hapo nilipelekwa Mahenge na majalada, yeye akiwa mjamzito. Niliporudi, tumbo halipo na mtoto hayupo. Watu walinipa pole. Nikaitikia, nikaoga, nikala. Nilidhani alizaliwa amekufa, na ndivyo nilivyowaambia wenzangu.

"Kwa nini hamkusema barazani?" nikamuuliza.

"Tuseme nini mbele ya wanaume? Kalamu unayo wewe. Kabla karatasi hazijakwenda, futa yale maneno ya mboga. Waombe wakaangalie tena."

Karatasi zilikuwa ziende Mahenge Jumatatu, kwa Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya. Nilikuwa na siku mbili nzima. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kusikiliza, na nyumba yake haikuwa mbali. Lakini kila nilipofika mlangoni kwangu nilikisikia kile kicheko, safari hii kinanicheka mimi: karani aliyedharau mboga, sasa anamlilia mtoto ambaye hata hakumwona. Niliogopa kuchekwa. Sababu nyingine nimeitafuta sana, sijaipata. Jumatatu nililifunga jalada, nikalikabidhi liende.

Ruhusa ikaja. Migomba ikakatwa, changarawe ikamwagwa. Masika yaliyofuata machipukizi ya migomba yalitoboa changarawe katikati ya magurudumu. Utingo akayafyeka, yakaota tena, akayafyeka tena. Ofisini, lori likiwashwa tu, mkono wangu ulisimama juu ya karatasi. Wanawake wakifika pale na mizigo yao ya mpunga waliacha mazungumzo, kila mmoja akageuza uso kidogo, na si wote upande mmoja. Kila mmoja alijua wake alipo. Niliwaonea wivu, Mungu anisamehe.

Tulijaliwa watoto wengine, wakakua. Mimi nikawa napita uwanjani jioni nikitoka kazini, natazama chini, sijui nitazame wapi. Jioni moja mke wangu alinikuta nimesimama kati ya malori mawili. Alikuwa anatoka mtoni na beseni la nguo kichwani.

"Si hapo," alisema.

Hakunionyesha ni wapi, nami sikuthubutu kumwomba. Nilimuuliza jambo lililokuwa rahisi zaidi, ambalo sikuwa nimeliuliza tangu nirudi kutoka Mahenge.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike."

"Alizaliwa amekufa?"

Alilitua beseni la nguo chini, juu ya changarawe, akanitazama kwa mshangao.

"Nani alikwambia hivyo? Aliishi siku nne. Tulikuwa tunakungoja uje umpe jina."