Siku baba alipompima Yusufu kwenye mizani ya kahawa

Leo wajukuu wamenikuta nalia mbele ya simu. Nilikuwa natazama ngumi!

Ilikuwa video ya mabingwa wa Amerika wa uzito wa unyoya, wale wembamba wa miaka ya hamsini. Nikamkumbuka marehemu mume wangu, Yusufu.

Bon, haya, ngojeni niwaambie.

Miaka hiyohiyo, hapa Gisenyi kando ya ziwa, Yusufu alikuja kuniposa. Alikuwa fundi cherehani. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa kahawa, na habari za ngumi redioni hazikumpita. Akamtazama Yusufu juu mpaka chini.

“Mwepesi hivi? Upepo wa ziwa utamubeba!”

Yusufu akajibu kwa adabu, “Muzee, Amerika iko bingwa wa watu wepesi pia. Mwisho kilo hamsini na saba.”

 Mi niko nyuma ya pazia, nasikiliza yote.

Baba akamwambia apande mizani ya kupimia magunia ya kahawa.

Hamsini na saba kamili!

Mnajua baba alifanya nini? Aliushika mkono wa Yusufu, akaunyanyua juu mbele ya wapagazi wake wote wa magunia. Kisha akaniita:

“Binti, lete chai. Bingwa iko na kiu.”

Nilikimbia nayo mpaka nikamwaga nusu. Yusufu akanywa iliyobaki, akinitazama mimi tu.